Bukura: Shule ya mabwana shamba iliyonusurika kumezwa

*Chuo cha Kilimo cha Bukura, Kakamega, kilipewa sheria yake mwaka 1999. Wenzake wa Kilifi na Embu waligeuzwa vyuo vikuu. Sheria hiyo imekilinda, lakini iliandikwa kabla kaunti hazijazaliwa.*

Mhindi ukifika magotini, majani yake machanga hujikunja katikati na kuacha tundu. Humo ndimo kiwavijeshi hujificha. Mwaka 2017, mdudu huyo mgeni kutoka Amerika alipoingia magharibi mwa Kenya, wakulima wengi walitia tunduni majivu, mchanga, na wengine sabuni ya kufulia. Baadhi ya mbinu hizo zilisaidia kidogo, nyingine ziliunguza mmea. Mtu wa kuwaeleza tofauti alikuwa bwana shamba, na bwana shamba hakuonekana.

Hakuonekana kwa sababu mabwana shamba, yaani maafisa wa ugani, hawatoshi. Wataalamu wa ugani hupenda kutaja uwiano wa afisa mmoja kwa wakulima 400. Nchini Kenya afisa mmoja hukadiriwa kuhudumia zaidi ya 1,000. Katika kaunti ya Kakamega, iliyohesabiwa watu 1,867,579 katika sensa ya 2019, ambako shamba la familia mara nyingi ni ekari moja au mbili, pengo hilo linafika hadi kwenye sufuria ya ugali.

Ajabu ni kwamba mabwana shamba wenyewe hufunzwa papa hapa. Ukitoka Kisumu kuelekea mjini Kakamega, unapita Chavakali, unafika Sigalagala, kisha unakata kushoto kushika barabara ya Butere. Vijana wa bodaboda hawahitaji maelezo zaidi: ukisema Bukura, wanajua unakwenda sokoni au chuoni. Huko, katikati ya vishamba vya miwa, mahindi na mboga za kienyeji, ndiko kuliko Chuo cha Kilimo cha Bukura.

Kwa miaka mingi sasa mjadala kuhusu chuo hiki umezunguka jambo moja: kipandishwe hadhi kiwe chuo kikuu, au kibaki kilivyo? Mjadala huo una joto na hauna mwisho. Unaosahaulika ni mjadala wa pili, mkavu zaidi lakini mzito zaidi, kuhusu nani anakiendesha na kwa niaba ya nani.

Bukura na Njoro

Bukura ni kongwe. Shule ya kilimo ilifunguliwa hapo katika miaka ya 1920, enzi ambazo eneo hili liliitwa North Kavirondo na lilikuwa sehemu ya mkoa wa Nyanza. Serikali ya kikoloni ilitaka wakufunzi Waafrika watakaozunguka vijijini kuonyesha watu namna ya kupanda kwa mistari, kutumia samadi, kuchagua mbegu na kuzuia udongo usichukuliwe na mvua.

Zaidi ya mwongo mmoja baadaye, mwaka 1939, Bwana Maurice Egerton wa Tatton alifungua shule nyingine ya kilimo huko Njoro, kwenye ekari 740. Hiyo ilikuwa ya vijana wa Kizungu waliotarajiwa kushika mashamba makubwa ya walowezi.

Shule hizo mbili hazikulelewa sawa. Njoro ilipandishwa kuwa chuo mwaka 1950. Mwaka 1955 ikapata sheria yake na jina la Egerton Agricultural College. Mwaka 1986 ikawa chuo kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton.

Bukura, iliyotangulia kuzaliwa, ilisubiri sheria yake hadi 1999. Ni miaka 44 baada ya Njoro.

> Njoro ilikuwa ya wana wa walowezi, Bukura ya wakufunzi Waafrika. Sheria zao zilipishana kwa miaka 44.

Tofauti hiyo ilionekana hadi kazini. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwafungulia Waafrika wengi zaidi mlango wa mazao ya biashara na hivyo kuongeza mahitaji ya maafisa wa kilimo. Baada ya uhuru ngazi zilizoea kuwa hivi: mwenye stashahada ya Egerton alisimamia, mwenye cheti cha Bukura au Embu alipanda baiskeli na kwenda kwa mkulima. Wazee wa maeneo ya Butsotso na Marama wakimkumbuka bwana shamba, wanamkumbuka huyo wa baiskeli.

Ajira ilipokatika

Kwa miongo kadhaa Bukura ilikuwa taasisi ya wizara tu. Mkuu wake alikuwa mtumishi wa serikali anayeweza kuhamishwa kwa barua. Fedha zake zilikuwa mstari mmoja katika bajeti ya Wizara ya Kilimo. Hapakuwa na haja kubwa ya kuuliza nani mwenye chuo, kwa sababu aliyefunza ndiye aliyeajiri.

Utaratibu huo ulivunjika katika miaka ya 1980 na 1990. Chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, serikali ilipunguza watumishi na ikaacha kuajiri moja kwa moja kila aliyehitimu chuo chake. Mafunzo ya ugani yaliyokuwa yakifadhiliwa na Benki ya Dunia nayo yalifikia tamati mwishoni mwa miaka ya 1990. Ghafla chuo kilikuwa na mwanafunzi anayelipa karo mwenyewe na ambaye hakuna aliyemwahidi kazi.

Hapo ndipo Bunge lilipopitisha Sheria ya Chuo cha Kilimo cha Bukura, 1999. Shule ya wizara ikawa shirika la serikali lenye nafsi ya kisheria: linaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, kutoza karo, kuajiri, na kuwa na bodi yake.

Maneno hayo ya kisheria yana uzito wa kila siku. Chuo chenye hesabu zake kinafunga mwaka wa fedha Juni 30, na kwa mujibu wa Kifungu cha 229 cha Katiba, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana miezi sita kuikagua na kupeleka ripoti Bungeni. Wakuu wake wanaweza kuitwa mbele ya kamati ya Bunge ya uwekezaji wa umma kueleza kila shilingi. Zamani, trekta likiharibika lilikuwa tatizo la wizara huko Nairobi. Sasa ni tatizo la bodi, na jibu lake linaandikwa.

Kilichowapata Kilifi na Embu

Wizara ya Kilimo ilikuwa na taasisi tatu za aina moja zilizojulikana sana: Bukura upande wa magharibi, Embu upande wa Mlima Kenya, na Kilifi pwani. Leo imebaki moja.

Taasisi ya Kilimo ya Kilifi iligeuzwa mwaka 2007 kuwa Chuo Kikuu Kishirikishi cha Pwani chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwanzoni mwa 2013, Rais Mwai Kibaki alipokuwa akitoa hati kwa vyuo vingi katika majuma ya mwisho ya utawala wake, Pwani ikawa chuo kikuu kamili. Embu ilifuata: mwaka 2011 ikawa chuo kishirikishi cha Nairobi, na mwaka 2016 ikapewa hati yake.

Ulikuwa msimu wa kupandisha. Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic ziligeuzwa vyuo vishirikishi mwaka huohuo wa 2007 na baadaye zikawa vyuo vikuu vya kiufundi. Nchi ilishangilia, kisha ikaanza kuuliza mafundi watatoka wapi. Jibu lilikuja kwa njia ya ajabu kidogo: serikali ikaanza kuzipandisha taasisi ndogo zaidi kuwa politekniki za kitaifa, ikiwemo ya Sigalagala mwaka 2016, ili zijaze nafasi za zile zilizomezwa.

Bukura ilipita salama msimu huo. Si kwamba hakuna aliyeitamani. Naamini sheria ya 1999 ilisaidia. Taasisi ambayo ni idara ya wizara inaweza kukabidhiwa chuo kikuu kwa amri ya juu. Shirika lenye sheria yake halifutwi bila Bunge kurudi kwenye sheria hiyo, na kurudi Bungeni kunachukua muda, kelele na kura.

Hoja ya wanaotaka chuo kikuu

Wanaotaka Bukura ipande wana hoja zisizopaswa kubezwa.

Ya kwanza ni haki. Majirani wote wamepata. Bungoma ina Kibabii, iliyopata hati 2015. Vihiga ina Kaimosi Friends na Busia ina Alupe, zote mbili zikipewa hati 2022. Kwa nini chuo kilichoanza kabla ya Njoro kiendelee kuitwa cha kati?

Ya pili ni uchumi. Chuo kikuu huleta wapangaji, vibanda, maduka ya kuchapisha, barabara na bei ya ploti. Mtu yeyote aliyeona mji wa Kakamega kabla na baada ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro anajua. Chuo hicho nacho kilikuwa kidogo: kilianza kama WECO katika miaka ya 1970 kwa michango ya harambee, kikawa kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2002, kisha sheria ya 2006 ikakifanya chuo kikuu.

Ya tatu inahusu wahitimu wenyewe. Afisa mwenye stashahada hugonga dari mapema kazini. Akitaka shahada lazima aende kwingine na mara nyingi aanze upya masomo ambayo tayari ameyafaulu.

Hoja hii ya tatu ndiyo yenye nguvu, na ndiyo inayoweza kutatuliwa bila kubadilisha chochote katika jina la chuo. Masinde Muliro iko kaunti hiyohiyo na ina skuli yake ya kilimo. Mkataba mzuri wa kuhamisha alama za masomo kati ya taasisi mbili zinazofikiana kwa matatu ni kazi ya kalamu. Haihitaji jengo jipya.

Robo na robo tatu

Sasa upande wa pili. Katika mtihani wa KCSE wa 2024, watahiniwa 246,391 kati ya zaidi ya 960,000 walipata alama ya C+ na kuendelea, ambayo ndiyo kizingiti cha chuo kikuu. Ni kama robo. Stashahada hupokea kuanzia C-, na cheti hushuka chini zaidi.

Kwa hiyo kila taasisi ya kati inayogeuzwa chuo kikuu inahama kutoka kwa wengi kwenda kwa wachache. Ni kweli vyuo vikuu vinaweza kuendelea kufundisha stashahada pembeni. Lakini tabia yake inajulikana: fedha, vyeo na heshima hufuata shahada, uzamili na machapisho, na kozi ya cheti hugeuka mtoto wa kambo nyumbani kwake mwenyewe.

> Watatu kati ya wanne waliofanya KCSE ya 2024 hawakufikia kizingiti cha chuo kikuu. Bukura ipo kwa ajili yao.

Kuna pia suala la udongo, nikimaanisha udongo hasa. Chuo cha kilimo cha ngazi ya kati huishi kwa shamba lake. Ng'ombe wanakamuliwa alfajiri, wanafunzi wapo. Kitalu kinahitaji maji, wanafunzi wapo. Chuo kikuu kinapokua hukua kwa kumbi za mihadhara, mabweni na ofisi, na hivyo vyote hujengwa mahali palipokuwa wazi. Katika kaunti yenye watu zaidi ya 600 kwa kilomita mraba, ardhi ya wazi yenye mmiliki mmoja ni mali inayotamaniwa na wengi, si wote wenye nia ya kufuga.

Na vyuo vikuu vya umma vyenyewe viko hoi kwa madeni. Egerton, yule ndugu aliyefanikiwa, amepitia migomo ya wahadhiri na mivutano mirefu ya mishahara. Sioni ni nani anayetazama hali hiyo na kusema tuongeze kimoja.

Majirani zetu walijaribu njia tofauti. Uganda ilikichukua chuo cha kilimo cha Arapai, Soroti, kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema kilichoanzishwa 2007, lakini ikakiacha Bukalasa, Luweero, kiendelee kuwa chuo. Tanzania ilikikuza chuo cha Morogoro hadi kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, huku ikiziacha taasisi za wizara kama Ukiriguru, Ilonga na Uyole ziendelee kutoa mabwana na mabibi shamba. Watanzania walipata chuo kikuu bila kupoteza ngazi ya chini yake.

Viti vya bodi

Tuache jina, tuingie chumba cha mikutano.

Kwa kawaida ya Sheria ya Mashirika ya Serikali, mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais. Katibu wa wizara mama anaingia, Katibu wa Hazina anaingia, mkuu wa shirika anaingia, na waziri huteua wengine wasiozidi saba. Kanuni za utawala bora za 2015, ziitwazo Mwongozo, zilitaka bodi ziwe ndogo, za watu saba hadi tisa, zenye ujuzi unaohitajika na uwiano wa kijinsia.

Kwenye karatasi ni utaratibu safi. Lakini yeyote anayesoma Gazeti Rasmi la Serikali baada ya uchaguzi mkuu anajua viti vya bodi hutumika pia kuwafuta machozi walioshindwa kura. Katika shirika kubwa uteuzi wa namna hiyo hufichika. Katika chuo kidogo mwenyekiti asiyejua kilimo wala elimu huonekana siku ya kwanza, anapouliza kwa nini ng'ombe wanakula sehemu kubwa ya bajeti.

Kakamega haihitaji kufundishwa hatari ya utawala mbaya wa mali inayoitwa ya umma. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na wakulima wa miwa bado wanasimulia madeni.

Juu ya bodi wapo mabwana wawili. Wizara ya Kilimo ndiyo wizara mama. Lakini tangu Sheria ya Elimu ya Kiufundi ya 2013, mafunzo ya ngazi hii yanasimamiwa na mamlaka yaliyo upande wa Wizara ya Elimu. Ruzuku ya Sh30,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, iliyoanzishwa 2018 kwa vyuo vya kiufundi vya umma, nayo ilipitia Idara ya Elimu ya Kiufundi iliyo chini ya Elimu. Ndiyo maana swali la chuo kiwe chini ya wizara gani si la itifaki. Wizara moja inajua kilimo, nyingine inashika mfuko wa wanafunzi.

Wapo wanaosema suluhisho ni kukihamishia Elimu moja kwa moja. Nina wasiwasi. Wizara ya Elimu ina mamia ya vyuo vya kiufundi. Humo Bukura itakuwa chuo kimoja katika orodha ndefu, kikipimwa kwa idadi ya wanafunzi, na shamba lake litahesabiwa gharama.

Wasiwasi mwingine unatoka juu kabisa. Januari 2025, Baraza la Mawaziri liliidhinisha mashirika 42 ya serikali yaunganishwe yawe 20, na mengine 25 yavunjwe. Katika hali kama hiyo, shirika dogo lisiloweza kueleza upesi linamfaa nani hulala jicho moja wazi.

Mwajiri asiye mezani

Na hapa ndipo sheria ya 1999 inapoonyesha umri wake. Ilipitishwa miaka 11 kabla ya Katiba mpya na miaka 14 kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Waandishi wake hawangeweza kumtaja gavana wala waziri wa kilimo wa kaunti, kwa sababu vyeo hivyo havikuwepo.

Jedwali la Nne la Katiba likakabidhi kaunti kazi ya kilimo. Sera zikabaki Nairobi, ugani ukashuka. Anayeamua kama mhitimu wa Bukura ataajiriwa Kakamega, Siaya au Nandi ni bodi ya utumishi ya kaunti husika. Chuo kinachomwandaa kimebaki shirika la serikali ya kitaifa.

Bukura penyewe paonyesha mkanganyiko huo. Mbali na chuo, pana kituo cha mafunzo ya wakulima, kile kiitwacho ATC, kilicho chini ya kaunti. Kimoja kinafunza maafisa, kingine kinafunza wakulima, na kila kimoja kina bosi wake. Mkulima wa Shibuli aliye na ng'ombe mgonjwa hajali mpaka huo uko wapi. Anataka mtu.

Pengo lililoachwa na maafisa wa kaunti limeanza kuzibwa na wengine. Maduka ya pembejeo hutoa ushauri pamoja na dawa, na mwenye kuuza dawa hushauri dawa. Serikali ya kitaifa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, imesajili maelfu ya vijana wanaoitwa maajenti wa kilimo biashara ili wahudumie wakulima kwa malipo. Hata hao wanahitaji kufunzwa mahali fulani na mtu anayejua kwa nini udongo wa Kakamega una tindikali na kwa nini gugu la kayongo hunyonya mahindi ya shamba lililochoka.

Marekebisho yanayohitajika, kwa maoni yangu, ni mafupi kuliko mjadala. Kiti kimoja cha bodi kiende kwa serikali za kaunti kwa pamoja, maana wahitimu hawabaki Kakamega pekee. Kingine kiende kwa wakulima, kikijazwa na vyama vyao vya ushirika bila kuteuliwa na waziri. Masinde Muliro ipewe sauti kwenye upande wa taaluma ili njia ya kutoka stashahada hadi shahada iandikwe. Ardhi ya chuo ifungwe kisheria isiuzwe wala kugawanywa bila idhini ya Bunge. Na ruzuku imfuate mwanafunzi, wizara yoyote iliyo mlezi wa chuo chake.

Mswada wa namna hiyo hauhitaji kuongeza neno "kikuu" kwenye lango. Mbunge yeyote anaweza kuuwasilisha, na Kifungu cha 118 cha Katiba kinalazimisha Bunge kusikiliza wananchi kabla ya kuupitisha. Kikao cha kwanza cha maoni kingefaa kufanyika Bukura siku ya soko, wakati wakulima wa Butsotso na wenzao wa Marama wameshafika na mboga zao.